Folda Ambazo Baba Mkwe Hakuzitengeneza

Kwa miaka mingi nimeihudumia kompyuta ya baba mkwe wangu bila kukaa naye chumba kimoja. Ndivyo walivyotaka wazee wetu wa Kinyakyusa: mkwe wa kike haonani na baba wa mumewe. Akisikia kikohozi chake njiani, anaingia migombani mpaka mzee apite. Akifika kwake, anazungukia mlango wa jikoni. Siku hizi wengi wameachana na mambo hayo, na hapo Tukuyu mjini nawajua wanawake wanaokula meza moja na baba zao wakwe, wanataniana na kugombea rimoti. Wangu, mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, mwenye simu janja kubwa kuliko yangu, aliushika utaratibu kama ulivyo.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Nina kibanda changu mjini, na wanaume wazima wananiletea mashine zao na kunyamaza ninapoongea. Lakini nikishuka kwenye bodaboda kule Kisondela, kijijini kwa wakwe zangu, nageuka mtu wa kunyata nyuma ya nyumba. Nilikuwa nakasirika kila safari. Mume wangu, ambaye kazi yake iko Dar es Salaam, aliniambia kwa simu kwamba ni heshima tu, nisiikuze. Ni rahisi kwake kusema hivyo. Hajawahi kupangusa kioo cha kompyuta akiwa amekaa kwenye kigoda, moshi wa kuni ukimwingia machoni.

Kompyuta yenyewe ilikuwa laptopu kuukuu ya mume wangu. Niliiwekea mfumo wa Linux kwa sababu ni nyepesi, na kwa sababu virusi vinavyozunguka kwenye flashi za steshenari haviisumbui. Mzee alikuwa na kazi aliyoipenda kuliko hata parachichi zake. Alizunguka Kisondela mpaka Nkunga akiwarekodi wazee kwa simu: majina ya ndizi ambazo hakuna anayezipanda tena, nyimbo za kubembeleza watoto, namna walivyojenga nyumba za mianzi. Akirudi anahamishia sauti kwenye kompyuta, kisha anazifuta kwenye simu ili apate nafasi. Wengi wa wazee hao wameshatangulia. Mama yake mwenyewe alimrekodi alipokuwa amelazwa hospitali ya Igogwe, wiki za mwisho. Sauti zote hizo zilikaa kwenye mashine moja tu. Niliomba mara nyingi ninakili, jibu likawa lile lile: "Baba anasema atafikiria."

Aliyeniletea jibu ni mama mkwe, kwa sababu kila neno kati yangu na mzee lilipita kwake. Mimi jikoni, mzee sebuleni, yeye katikati na mwiko mkononi. Nilimfundisha mzee kompyuta nzima kwa namna hiyo, mtu asiyejua kompyuta akimfikishia mtu nisiyemwona. Nikirefusha maelezo, mama anayafupisha, maana ana chungu motoni.

Siku moja alinipigia. "Mwanangu, kompyuta imekufa. Baba yako haongei na mtu."

Nilifunga kibanda nikapanda bodaboda kwenye ukungu, flashi yangu ya kazi mfukoni. Nilipofika jikoni nikamwomba mama akamuulize mzee alifanya nini. Akaenda, akarudi. "Anasema alisafisha." Alisafisha nini? Akaenda tena, akarudi. "Virusi."

Ilichukua safari kadhaa za mama mpaka nielewe. Mzee alibofya mahali panapoonyesha diski nzima, akakuta folda ambazo hajawahi kuzitengeneza: bin, boot, etc, lib, usr, majina yasiyo na maana kwa Kiswahili wala Kinyakyusa. Akazishuku.

"Si wewe uliyesema folda ambayo hakuitengeneza aifute?" mama akaniuliza.

"Nilisema kwenye flashi, mama! Akichomeka flashi ya watu!"

Akafikiri kidogo. "Flashi sikuitaja. Siku ile nilikuwa nimeinjika ndizi."

Ningemkasirikia vipi? Hakuna aliyemuuliza kama anataka kazi hiyo ya kubeba maneno. Mashine ilikuwa imemkatalia mzee mwanzoni, ikataka paswedi ya msimamizi, naye akaipa, kwa sababu nyumba ni yake na paswedi ni yake. Akaanza juu kushuka chini, moja baada ya nyingine. Hapo ndipo nilipoogopa. Folda zile zimepangwa kwa alfabeti, na katika zile za juu juu iko inayoitwa home. Ndani yake ndimo zilimokuwa sauti zote. Nayo hakuitengeneza yeye.

"Mama, muulize aliishia wapi. Aliifuta ya home?"

Kabla hajafika sebuleni, honi ililia barabarani. Mzee alikuwa ameshamwita dereva wa bodaboda aipeleke kompyuta mjini kwa fundi mwingine, mwanamume, aliyemwahidi kwa simu kwamba ataipiga Windows iwe kama mpya. Kupiga Windows, kwa mafundi wa haraka, ni kufuta diski yote na kuanza upya. Nikamwomba mama ailete jikoni niitazame kwanza, dakika chache tu. Akarudi mikono mitupu, akitazama chini.

"Anasema amechoka na mashine ya kutengenezewa jikoni."

Jikoni! Nani aliniweka jikoni? Nilisimama, kigoda kikaanguka, nikapaza sauti kupita ukuta, kwa mara ya kwanza tangu niolewe. "Baba! Hiyo kompyuta isitoke! Wakiipiga Windows, sauti ya bibi ndiyo basi tena!"

Sikungoja kuruhusiwa, nikaingia sebuleni na matope yangu miguuni. Mzee aliponiona aligeuza kiti kikaelekea ukutani, akashusha kofia mpaka kwenye miwani. Lakini mkono wake uliachia begi la kompyuta. Nikalichukua. Mama akatoka kumwambia dereva aende zake.

Niliiwasha kwa flashi yangu, yenye mfumo wake ndani, nikaingia kwenye diski. Boot haikuwepo. Etc haikuwepo. Home ilikuwepo. Mashine ilichanganyikiwa na kuganda kabla hajaifikia, na kuganda huko ndiko kulikotuokoa, si akili ya mtu yeyote mle ndani. Nikafungua faili moja. Bibi alikohoa, kisha akamuuliza mwanawe kwa Kinyakyusa kama anatakiwa kuongea na simu au kuongea na yeye, na akacheka. Mabega ya mzee yalitikisika. Mama, mlangoni, alisema "Ndaga fijo", asante sana, na kujifuta uso kwa khanga. Nilinakili sauti zote kwenye diski yangu, na safari hii sikumwomba mtu.

Kisha nikaweka mfumo upya na kurudisha sauti mahali pake. Kilichobaki ni zile folda. Mafundi tunabishana sana juu ya hilo: kwa nini mtu wa kawaida aonyeshwe matumbo ya kompyuta kila anapotafuta picha zake? Mimi siku zote nilikuwa upande wa kuficha. Ni kazi ndogo. Unaunda faili moja inayoanza na nukta, unaorodhesha humo majina ya folda, na kivinjari cha mafaili hakizionyeshi tena. Hazijafungwa wala hazijahamishwa, ila hazionekani. Nikafanya hivyo.

Mzee, uso bado ukutani, akasema, "Mama, muulize zile folda zimekwenda wapi."

Nilikuwa nimekaa karibu kiasi kwamba ningeweza kumshika koti. Mama akanigeukia, akaniuliza swali lile lile nililolisikia kwa masikio yangu. Nikajibu kwamba zile si virusi, ndizo zinazoiendesha kompyuta, na nimezificha asizione.

"Na zinaendelea kufanya kazi hivyo hivyo?" mzee akauliza.

"Zinaendelea."

"Basi vizuri. Zikae huko huko, zifanye kazi. Ndivyo inavyotakiwa."

Hasira ilinipanda. Ndivyo inavyotakiwa! Nilitazama yale majina niliyoyaficha kwa mkono wangu nikaona upuuzi wangu mwenyewe na wa nyumba nzima. Mzee hakuharibu kompyuta kwa sababu aliziona folda. Aliiharibu kwa sababu hakuna aliyekaa naye akamwambia ni za nini. Na hakuna aliyekaa naye kwa sababu anayejua alikuwa anahesabiwa kuwa hayupo.

"Mama," mzee akaendelea, "mwambie..."

"Mwambie mwenyewe," mama alisema. "Huyo hapo. Mimi nimechoka kutembea." Akaingia jikoni, tukasikia akipuliza moto.

Nikaifuta ile faili ya kufichia. Folda zikarudi zote kwenye kioo, majina yale yale. Nilimwambia moja kwa moja, na sauti yangu haikuwa ya adabu. "Baba, nimezirudisha. Utaziona kila utakapofungua. Usizifute tu."

Aligeuza kichwa kidogo kuelekea mlango wa jikoni, akangoja. Hakuna aliyetoka. Mvua ilianza kupiga bati. Kisha kiti chake kikakwaruza sakafu, si kunielekea mimi, kuelekea kompyuta.

"Ile ya kwanza," akaniuliza, "kazi yake nini?"

Nilimjibu kwa ukali, kwa maana hasira ilikuwa bado haijanitoka, naye akasikiliza mpaka mwisho, akauliza ya pili.