Vitambaa Visivyo na Pilipili

Naomba radhi kwanza kwa mwandiko wangu na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, na naandika polepole.

Kwetu ni upande wa Ikoma, karibu na geti la hifadhi. Shamba la mama la mtama liko mwisho wa kijiji, limepakana na pori linalotunzwa na shirika moja la uhifadhi. Shirika hilo ndilo lililotufundisha uzio wa pilipili. Unazungusha kamba za katani shambani, unatundika vitambaa, unavipaka oili chafu iliyochanganywa na pilipili kali. Tembo akinusa, anageuka. Wasichana wanne ndio tuliotwanga na kupaka. Siku ya kupaka hugusi uso mpaka jioni.

Mwaka huu tukaambiwa fedha za wafadhili zimepungua. Askari wa kijiji waliokuwa wakifukuza tembo wakaachishwa kazi. Pilipili ikaacha kuja. Vitambaa vikakauka na kushika vumbi, na mama akaanza kulala kwenye kibanda cha shambani na debe lake la kupiga.

Kisha msimamizi wetu wa shirika akaleta ndoo ya oili. Wageni wa shirika walikuwa wanakuja kupiga picha.

"Pakeni, wanangu. Vionekane vipya."

"Na pilipili, baba?" mwenzangu akauliza.

"Picha ina pua?"

Tukacheka. Hata mimi.

"Leo tutakula ugali bila kulia," mwenzangu akasema.

Tukapaka. Wageni wakaja na magari matatu, wakanipiga picha nimeshika kitambaa, wakaondoka.

Jioni mama akaona vitambaa vinang'aa.

"Mmepaka?"

"Tumepaka, mama."

"Basi leo nalala nyumbani. Mgongo umechoka."

Nilitaka kumwambia. Maneno hunikwama hata mbele ya mama yangu, na nilikionea aibu kile kicheko. Nikamtandikia kitanda.

Asubuhi mtama ulikuwa umelala chini, nusu umeliwa, nusu umekanyagwa, na mavi ya tembo katikati yake. Mama akaokota kitambaa, akakinusa. Akakinusa tena. Hakupiga chafya.

"Ulijua?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akanipa kile kitambaa, akaenda kuokota masuke yaliyobaki.

Nalikumbuka kila siku lile swali la pua. Pilipili ilikosekana, lakini mafuta ya kuleta magari matatu yalipatikana. Na mkono ulio kwenye picha ni wangu. Nimeuosha kwa sabuni na majivu, bado nauonea kinyaa.

Kama umeiona picha ya msichana mwenye kitambaa cheusi mbele ya mtama, ujue mtama ule haupo. Mama amepanda miche ya pilipili nyuma ya jiko, maana hangojei tena shirika. Kama kwenu mnalima pilipili yenu ya uzio, niandikieni miche mingapi inatosha shamba moja. Nitajibu, hata nikichelewa.