Mama Mkwe wa Namba 103

Kazini walimwita Ngazi, na jina lilimkaa. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa fundi wa laini za simu katika shirika lenye jengo la ghorofa sita, na popote ulipomwona, ngazi ya alumini ilikuwa begani na koleo mfuko wa nyuma. Kila waya wa jengo lile aliujua kwa rangi na kwa tabia. Ukimwambia simu ya mhasibu inakoroma, hakuuliza mengi. Alipanda, akatia mkono darini, akashuka, na simu ikawa imenyamaza.

Sasa shirika likaamua kung'oa mambo yote ya zamani. Simu mpya zingepita kwenye nyaya zilezile za kompyuta, na fundi wa kuzipanga hapandi popote: anakaa kitini na kuandika amri kwenye skrini. Ikaja barua. Mafundi wote wangefanya mtihani, na atakayeshindwa mara mbili "atapangiwa majukumu mengine." Majukumu hayo kila mtu aliyajua. Fundi wa jenereta alipangiwa mwaka juzi, na mpaka leo yuko getini anaandika namba za magari.

Ngazi alifanya mtihani wa kwanza akapata thelathini na nne kwa mia. Hakumwambia mtu. Nyumbani alisema matokeo bado, na mkewe, muuguzi anayetoka alfajiri na kurudi jioni miguu imevimba, hakuwa na nguvu za kumchunguza. Basi mwanamume mzima, masharubu yameshaingia mvi, akawa anaficha karatasi ya mtihani chini ya godoro.

Mtihani wa pili ulikuwa baada ya wiki tatu. Akaenda kwa mtunza stoo, akabembeleza, akasaini kitabuni, akaazima vifaa vilivyotolewa kwenye tawi lililofungwa: swichi kuukuu ya kuunganishia nyaya za mtandao, yenye matundu ishirini na manne, kisanduku cha kuongozea simu, simu tatu za mezani na furushi la nyaya za buluu. Alivipanga koridoni nyumbani kwake, juu ya meza ya cherehani. Alipoiwasha swichi, feni zake zilinguruma hata jirani akabisha hodi kuuliza kama wamefungua mashine ya kusaga. Simu namba 101 aliiweka chumbani kwake, 102 jikoni. Ya tatu, 103, ilikosa pa kwenda isipokuwa chumba cha watoto. Watoto walikuwa shule ya bweni, na chumbani humo alikuwa amelala mama mkwe.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mama mkwe alikuja kutibiwa goti. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke aliyenyoosha vizazi viwili vya watoto watukutu kwa jicho peke yake. Yeye na Ngazi hawakuwa na ugomvi hata kidogo. Walikuwa na heshima, na heshima ikizidi nayo ni ugonjwa. Kwa miaka kumi na tisa mazungumzo yao yote yangeenea nyuma ya stempu: shikamoo Mama, marahaba baba, hamjambo, hatujambo. Baada ya hapo mmoja wao hukumbuka ghafla kitu alichokiacha jikoni. Wakipishana koridoni, Ngazi alitazama dari na mama alitazama sakafu, na kwa utaratibu huo siku moja waligongana vichwa.

Kwa hiyo alipopiga 103 kwa mara ya kwanza, alikuwa anaijaribu simu tu. Hakutegemea mtu ainue.

"Nani mwenzangu?" sauti ikauliza.

"Ni mimi, Mama. Shikamoo. Najaribu mitambo."

"Marahaba. Unapiga kutoka wapi?"

"Chumbani kwangu, Mama."

"Chumba hiki cha jirani?"

"Ndiyo, Mama."

Kisha mama akasema, "Sauti ni safi sana. Huko kwenu kuna joto kama huku?"

Sijui nani aligundua kwanza kwamba mkwe asiyeonekana haonewi haya. Ninachojua ni kwamba siku ile waliongea dakika arobaini. Walianzia kwenye joto, wakapitia goti, wakaishia kwa shemeji mmoja ambaye wote wawili, kumbe, hawakumpenda tangu siku ya harusi. Ngazi alicheka mpaka akajifunika mto usoni. Walipokutana mezani jioni, alitazama dari na mama akatazama sahani.

Kesho yake, alipotoka kazini tu, 101 ikalia.

"Kitabu chako cha mitambo umekisahau sebuleni," mama alisema. "Umekunja ukurasa wa arobaini. Jumatatu ulikuwa arobaini, na leo ni Alhamisi. Tatizo liko wapi?"

Ngazi akatafuta uongo wa haraka. Usingekuwa wa kwanza wiki ile, lakini kwa sauti ile ya mwalimu mkuu, uongo ulikataa kutoka. Akasimulia yote: thelathini na nne kwa mia, karatasi chini ya godoro, geti.

"Na mwanangu hujamwambia?"

"Bado, Mama."

"Kosa hilo. Wahenga walisema mficha u..." Mama akakohoa kwa nguvu, maana alikumbuka anaongea na nani. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mtamwambia wote wawili, wewe na matokeo mazuri. Kesho saa kumi nitakuuliza maswali ya ukurasa wa arobaini mpaka hamsini."

Ndivyo shule ilivyofunguliwa. Kila jioni, kabla muuguzi hajarudi, mwalimu alipiga simu kutoka chumba cha pili na kuuliza. Alichokiuliza hakukielewa hata nusu, ila miaka thelathini na sita ya ualimu ilimfundisha kusikia mwanafunzi anapobabaisha. "Rudia, lakini safari hii jibu kama unayejua," alisema. "Simu na kompyuta zikitumia waya mmoja, unazitenganishaje zisiingiliane?" Ngazi alijibu, kisha akaenda koridoni akalifanya jambo lenyewe kwa mikono yake. Mama alidai simu ya jikoni isipopokelewa mara tatu ihamie kwake, ikahamia. Alidai akipiga 200 simu zote zilie kwa pamoja, na zikalia. Muuguzi, ambaye siku hiyo aliwahi kurudi, alikuwa ameinama anatoa sufuria jikoni, na sufuria ikamdondokea mguuni.

"Mama yangu anacheka peke yake chumbani," alimwambia mumewe siku moja, uso umejaa wasiwasi. "Nimesimama mlangoni nikamsikia. Umri huo nao."

"Pengine anakumbuka ya zamani," Ngazi akasema, na masikio yakamwaka moto.

Mtihani ulikuwa Alhamisi. Jumanne mchana, Ngazi akiwa kazini, mama mkwe alitoka na ufagio. Daktari alikuwa amemkataza kufagia, lakini daktari hakuwahi kuwa mwanafunzi wake. Alipofika koridoni aliona waya wa buluu umechomekwa kwenye swichi upande mmoja, na upande wa pili unaning'inia mpaka sakafuni. Mwalimu huyu maisha yake yote hakuvumilia kitu kinachoning'inia, kiwe kifungo, kiwe kamba ya kiatu. Akaangalia swichi, akaona matundu mengi matupu. Akachagua moja, akachomeka, akasikia kimlio kizuri cha kitu kilichofika mahali pake.

Taa zote za swichi zikaanza kupepesa kwa pamoja, kijani tupu, haraka haraka. Mama akarudi chumbani, akainua simu. Haikutoa hata mlio. Akairudisha polepole, akapanda kitandani na kujifunika shuka gubigubi saa tisa ya mchana.

Kwa wasiojua, ukichomeka ncha zote mbili za waya mmoja kwenye swichi ileile, kila ujumbe unaoingia unazunguka na kurudi, unajizaa, unazunguka tena, mpaka mtandao mzima unajaa makelele yake wenyewe na hakuna anayesikika. Swichi ina ulinzi wa kuzuia jambo hilo. Jumapili, katika kujifunza, Ngazi aliuzima ili aone kitatokea nini, hakikutokea kitu, akasahau kuuwasha.

Aliporudi jioni alikuta maafa. Akazima, akawasha, hali ileile. Akainusa swichi kama imeungua, haikunuka. Akakaa mbele ya kompyuta akapekua amri moja baada ya nyingine, na kufuta zote hakuthubutu, maana kazi ya wiki tatu ilikuwa humo. Kinachoniuma ni hiki: mtu aliyefuata nyaya kwa mikono miaka ishirini na miwili, siku hiyo hakugusa waya hata mmoja. Kitabu kilimfundisha kutazama skrini, naye akaitazama mpaka macho yakawa mekundu.

Jumatano alichukua ruhusa kazini, akaketi kwenye stuli koridoni tangu asubuhi. Mke alikuwa zamu. Chumba cha pili mlango ulikuwa umefungwa, na nyuma yake mama mkwe alikuwa katika mateso ambayo sijui kama kuna mwalimu mkuu mwingine aliyewahi kuyapata. Alijua alichokifanya. Alijua mtihani ni kesho. Kumpigia simu mkwe wake aungame kungekuwa jambo la dakika moja, ila simu ndiyo aliyoiua. Hata hivyo aliinua mkono wa simu mara tatu, kwa matumaini tu, na mara tatu akaurudisha.

Saa tano hivi akamsikia Ngazi akijisemea koridoni, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa, "Basi tena. Geti linaniita."

Mlango ukafunguka. Ngazi alimwona kwa pembe ya jicho, akasimama upesi na kutazama dari.

"Baba," mama aliuambia ukuta.

"Ndiyo, Mama," Ngazi aliiambia dari.

"Kuna waya. Ulikuwa unaning'inia. Mimi ndiye niliyeuchomeka." Akaiegemea fimbo yake. "Nilidhani natengeneza. Nisamehe, mwanangu."

Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kumwita mwanangu. Ngazi aliinama, akapitisha vidole kwenye nyaya za buluu kama alivyokuwa akifanya darini, akaupata uliojipinda na kurudi kwao, akauchomoa. Taa zikatulia. Baada ya dakika moja simu zote tatu zikapata uhai.

"Mama, kosa ni langu," akasema, na safari hii alimtazama usoni, nusu sekunde, na ilimgharimu. "Ulinzi wa kuzuia kitu hicho niliuzima mwenyewe. Uko ukurasa wa sitini na moja."

"Sitini na moja hatujafika," mama akasema. Akageuka, akarudi chumbani, akafunga mlango. Ngazi hajaketi vizuri, 101 ikalia chumbani kwake, akaikimbilia.

"Fungua ukurasa wa sitini na moja," alisema mwalimu. "Na acha kuvuta pumzi kama uliyekimbizwa."

Alhamisi akaenda. Aliporudi hakusema mengi, alisema tu kwamba mkono haukutetemeka. Jioni hiyohiyo alitoa karatasi chini ya godoro akampa mkewe. Mkewe aliisoma mara mbili, akamuuliza kwa nini alibeba peke yake, akalia kidogo, akamlaza kichwa mapajani. Wakangoja siku nane. Sijawahi kuona nyumba inayosikiliza nyayo za mtu anayetoka kazini namna ile.

Matokeo yalitoka Ijumaa mchana. Ngazi alipewa bahasha ofisini, akaifungua chooni, akaomba ruhusa na kwenda nyumbani kwa miguu, umbali wa kituo kizima cha basi, bila kujua anatembea. Mkewe alikuwa zamu. Sebuleni alikuwepo mama mkwe peke yake, goti limewekwa juu ya kigoda, miwani puani.

Hakusalimia. Alisimama katikati ya sebule, bahasha mkononi.

"Mama, nimefaulu. Themanini na moja."

Mama akavua miwani. Alitaka kusema kitu, na kila aliyemwona angejua ni kikubwa, lakini mkwe alikuwa amesimama mbele yake, mrefu, na masharubu yake.

"Nenda kanipigie simu," akasema kwa shida.

Ngazi akaingia chumbani kwake. Akamsikia mama akijikokota na fimbo kuelekea chumba cha pili, kiti kikalia, akapiga 103. Ilipokelewa kabla ya mlio wa pili. Mwalimu mkuu mstaafu akapiga vigelegele. Vilipita ukutani kwanza, na nukta moja baadaye vikafika tena kwenye simu, kwa sababu mitambo ile ilichelewesha sauti kidogo. Fundi aliyefaulu alijua pa kuurekebisha ucheleweshaji huo. Aliuacha vilevile, akaketi kitandani akasikiliza kila kigelegele mara mbili.