Kofia Niliyoiona Kwa Watu wa Televisheni

Mimi kusoma nilisoma kidogo tu, nikajua kuandika jina langu, basi. Lakini sindano naijua. Kofia hizi za mkono wanazovaa wanaume wetu, zenye vitundu vitundu, nazishona tangu sijaolewa, na uzi mpaka leo nanunua Biashara Street, duka lile lile. Kofia moja hunichukua miezi mitatu. Kitu umekaa nacho mapajani miezi mitatu, utakisahau wewe?

Asubuhi napika mahamri. Wateja wangu wakubwa ni watu wa televisheni, wana ofisi yao ghorofani hapa Makadara. Mwanzo nilikuwa naacha kikapu mlangoni, halafu wakanizoea, nikawa naingia, napewa kiti, nasikiliza. Nilidhani televisheni ni kama mfereji, ukifungua maji yanatoka. Kumbe picha za vita zikija, hukaa meza nzima wakavutana! Kuna bwana mmoja mwembamba, yeye kila siku husema tukificha, watu watadhani vita ni moshi tu. Na mkubwa wao, mwanamke wa Kigiriama mwenye subira zake, humuuliza: na huyu aliyelala hapa, watu wake washajua? Mimi kwenye kiti changu nawaona wote wawili wana haki, naendelea kunywa chai.

Sasa siku hiyo ilikuja picha ya nchi za mbali. Kombora limeanguka mlangoni pa duka la mikate, watu wamelala chini. Walivutana mpaka wakakubaliana: itaonyeshwa habari za saa saba, lakini nyuso zitiwe ukungu zisijulikane. Wakaridhika. Mimi nilikuwa nakusanya vikombe, nikatupa jicho kwenye kioo cha kompyuta yao.

Nikaviweka vikombe chini, nikasogea. Kando ya mtu mmoja pana kofia, imeanguka ubavu. Ile kofia ni yangu. Ukingoni kuna ua nililokosea kuhesabu, likatoka na majani matano badala ya manne, nikaona uvivu kufumua. Niliishona kwa mtoto wa jirani yangu, tumegawana ukuta miaka na miaka. Kijana alikwenda huko kupika mikate, vita vikamkuta.

Nikamwambia yule mkubwa, "Mwanangu, uso mumeufunika, lakini kofia mumeiacha wazi. Kwetu Mji wa Kale kofia ni uso."

Hakunicheka. Alinivutia kiti, akaniuliza taratibu, "Mama, nikikuonyesha uso wenyewe, utaweza?"

Nikamwambia onyesha. Alikuwa ni yeye, macho kayafumba.

Na mamake, shoga yangu, televisheni yake haizimwi. Apika inasema, afua inasema. Saa saba ile angekuwa jikoni peke yake na mwiko mkononi. Nilimweleza yule mkubwa hivyo hivyo. Yule bwana mwembamba, mwenye kutaka kila kitu kionyeshwe, ndiye aliyeinuka wa kwanza akaitoa ile picha kwa mkono wake. Wakabakisha ile ya mikate iliyomwagika mlangoni, na wallahi ukiiona ile mikate pale vumbini, vita unavijua.

Halafu mkubwa akampigia simu mpiga picha wa huko. Hakupatikana. Akapiga tena, na tena. Mimi niko pale na kikapu kitupu, nasoma kila dua niliyofundishwa. Mwisho akapatikana, akasema mwenye kofia walimtia garini akiwa hai, mguu umevunjika.

Nikashuka ngazi mbio, mimi na magoti yangu haya! Nikapitia kwa dadake shoga yangu, hapo Bondeni, tukaenda wawili. Habari kama hizo kwetu haziingii nyumba ya mtu kwa mlango wa mbele na kelele. Mtu huketishwa, hushikwa mkono, huanziwa mbali. Nikaanza na mahamri, nikaja kwenye mguu. Alilia, tukalia naye. Alasiri kijana akapiga simu mwenyewe kutoka hospitali, sauti kama ya mtu wa kisimani, na la kwanza alilomwambia mamake ni asimpikie uji, akirudi ataka pilau.

Alirudi, yuachechemea kidogo. Nawashukuru wale watu wa televisheni kila swala. Shoga yangu ile picha hakuiona, na mpaka leo hajui kwamba ilikuwapo.

Juzi kijana alikuja kukaa barazani kwangu, kichwa wazi. Akaniambia kwa haya, "Bibi, nisamehe, ile kofia yako sijui niliipotezea wapi."

Mimi najua. Nikamwambia, "Inama nikupime kichwa."

Nimeshaanza. Hili ua la ukingoni nimelitia majani matano, kusudi.