Kifuniko Kiwe Rahisi

Kiwandani walimwita Bi Maswali, na halikuwa jina la kumpamba. Walinzi wa getini walipomwona anaingia na mkoba wake begani walinong'onezana, "Leo kuna mtu atahojiwa mpaka ataje rangi ya soksi zake." Alilijua jina hilo na alicheka nalo, maana maswali ndiyo yaliyomlisha. Kiwanda kilitengeneza chupa za chai, zile za kutunza joto, na kazi yake ilikuwa kwenda kwa watu wanaozitumia, kuwasikiliza wanavyolalamika, halafu kuyageuza malalamiko yao kuwa maelekezo ambayo mchoraji angeweza kuyachora.

Ni kazi inayodharauliwa na kila asiyeijua. Si kusikiliza na kuandika tu, watu husema, kuna nini pale? Kuna mengi. Mteja hakwambii anachotaka, anakwambia kinachomuudhi. Mlinzi mmoja wa benki alilalamika kwamba chupa yake haina adabu. Ukimpelekea mchoraji maneno hayo atauliza kama umelala vizuri. Bi Maswali alikaa karibu na mlinzi yule mpaka akaona mwenyewe: kila akimimina, tone moja lilibaki kwenye mdomo wa chupa, likateremka polepole, likamchafulia shati la sare mbele za watu. Akaandika kwamba mdomo ukate chai papo hapo, tone lisishuke nje. Hilo fundi analiweza.

Kulikuwa na maneno aliyoyapiga marufuku kabisa. Watu wa mauzo wakimletea karatasi yenye neno "imara" aliirudisha kabla hajaimaliza. "Imara ikianguka kutoka wapi?" aliwauliza. "Mezani au juu ya kabati? Kwenye zulia au kwenye saruji?" Neno "ya kisasa" ndilo lililomtia wazimu kuliko yote. Watu wa mauzo walimchukia kwelikweli, na sioni kwa nini wangempenda.

Mteja aliyemjua kuliko wote alikuwa shangazi yake, dada wa baba, aliyemchukua akiwa mdogo akamlea kama wake wa kumzaa. Shangazi alikuwa mshonaji. Alitunga uzi kwenye sindano huku akizungumza na wewe, bila hata kuangalia, na ugonjwa wa viungo haukuchagua goti wala bega, ulikwenda moja kwa moja kwenye vidole hivyo. Vikavimba, vikapinda, vikagoma kukunjuka. Aliishi peke yake katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya watu, na habari ya kuhamia kwa mtu hakutaka kuisikia. "Nikija kwako nitakuwa mgeni," alimwambia Bi Maswali. "Mgeni anaulizwa kama ameshiba. Niache huku nijiulize mwenyewe."

Jiko lilikuwa limeshamshinda. Jirani yake, mama mwenye moyo mzuri na haraka nyingi, alimchemshia chai alfajiri, akaijaza kwenye chupa, akakaza kifuniko kwa nguvu zake zote ili isipoe, kisha akakimbilia kazini. Sasa aliyekaza ameondoka, asiyeweza kufungua amebaki. Shangazi alikaa kitandani na chupa iliyojaa katikati ya magoti, masikio yote kwenye mlango wa uani, akisubiri mtu yeyote apite. Siku nyingine alipita fundi bomba. Siku nyingine hakupita mtu mpaka jirani aliporudi jioni. Na jirani akikilegeza kifuniko, chai ilipoa kabla ya saa nne asubuhi.

Bi Maswali alikuja kuligundua hili siku aliyomkuta shangazi akijaribu kufungua chupa kwa meno. Alishikwa na hasira hata akashindwa kusalimia.

"Shangazi! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini, mwanangu? Kwamba nimeshindwa na kifuniko?"

"Mimi ndiyo kazi yangu hiyo. Nalipwa kuuliza watu vitu kama hivi."

"Basi mbona hukuniuliza?"

Hilo lilimwingia. Aliketi pale pale akauliza kama alivyowauliza wageni, bila haya. Akamwambia ajaribu kwa kiganja, kwa kisigino cha mkono, kwa kukandamiza, kwa kusukuma pembeni. Alirudi kazini akaandika maelekezo ambayo mpaka leo hakuna mtu pale kiwandani aliyeandika bora kuliko hayo. Kifuniko kifunguke kwa kiganja, bila kukaza vidole. Kisifunguke chenyewe chupa ikilala au ikianguka. Kikifunga kitoe mlio, ili mtu ajue kimefunga. Kila jambo lilikuwa na maelezo yake, na mikono aliyoiona akaichora kwa penseli.

Tatizo ni kwamba kiwanda kile cha chupa za chai kilikuwa na meneja mkono wa birika. Watu walilitania jambo hilo mpaka utani ukachuja. Alikuwa mtu wa tabasamu, anayekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa huku akikuita hazina ya kampuni. Wakati ule alikuwa amemwahidi Bi Maswali kitengo chake mwenyewe, kitengo cha wateja, na chumba chenye mlango. Miaka yote hiyo Bi Maswali alikuwa akiandikia kwenye kona ya meza ya watu wa mauzo, hao hao waliomchukia, na mlango ule alikuwa ameshauota.

"Kazi nzuri sana hii," meneja alisema akiipima karatasi kwa mkono badala ya kuisoma. "Ila mkurugenzi hasomi marefu. Nipe mstari mmoja kwa kila jambo, nikupigie debe."

Akakaa kufupisha. Kwa kifuniko, mambo yote matatu katika mstari mmoja, alianza na "chepesi", akalifuta, kwa sababu mchoraji angedhani anazungumzia uzito. "Kisichosumbua" likamsumbua yeye. Mwisho akaandika: kifuniko kiwe rahisi. Mwanamke yule aliyeuliza watu wazima imara ni imara ya wapi, hakujiuliza rahisi ni rahisi ya nini. Akili yake ilikuwa kule kwenye mlango.

Kwenye kikao mchoraji, kijana mpole asiyependa kubahatisha, aliinua kalamu. "Samahani, hapa kwenye kifuniko. Rahisi kivipi? Kufungua au bei?"

Lilikuwa swali zuri, na lilimtoka mtu mwenye haki ya kuliuliza. Meneja alilidaka kabla halijafika kwa mwenyewe. "Rahisi ni rahisi, bwana! Wateja wetu wa hali ya chini, wanataka cha bei nafuu. Si ndiyo, Bi Maswali?" Akamgeukia na lile tabasamu lake, na mkurugenzi naye akageuka, mara ya kwanza kumtazama usoni tangu aajiriwe.

Alihitaji kusema neno moja tu, kufungua. Lilikuwa tayari limeshapanda mpaka kooni. Lakini kumsahihisha meneja mbele ya mkurugenzi, siku ile hasa, ni kujifungia mlango mwenyewe, na akajidanganya kwamba ataliweka sawa baadaye, pembeni, na mchoraji. "Ndiyo," akasema.

Alikwenda kweli kumwona mchoraji, hilo tusimnyime. Akamkuta ameshapewa bei ya mwisho ya kifuniko.

"Kwa hela hii hakitakuwa cha kuzungusha," mchoraji alimwambia. "Kitakuwa cha kubana kwa juu tu, plastiki nyembamba."

"Lakini kitafunguka kwa kiganja?"

"Mama, hicho kitafunguka hata kwa kukohoa."

Wakacheka wote wawili. Bi Maswali akajipoza kwamba mradi kinafunguka, mengine yatarekebishwa. Chupa zilipotoka, ya kwanza aliifunga kwa karatasi akampelekea shangazi.

Na hapa ndipo pananiuma zaidi, kwa sababu shangazi alifurahi. Alikisukuma kifuniko kwa kisigino cha mkono, puu, kikatoka, akajimiminia chai mwenyewe kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Akaimwaga kidogo, hakujali. Siku zilizofuata aliwaita watu wa ua mzima waje kunywa chai kwake, hata yule fundi bomba, na mtu akijaribu kumsaidia kumimina alimkemea. "Kaa chini, wewe ni mgeni hapa." Aliwaonyesha kifuniko na kuwaambia kwamba mwanawe amekitengeneza kwa ajili yake, kwamba alimwuliza, na yeye akajibu, na watu wa kiwandani wakasikia.

Kisha asubuhi moja aliibeba chupa kwapani, vidole vimeishika kwa chini, kuipeleka mlangoni, apate kunywa huku akiota jua. Ilikuwa imejaa na chai ilikuwa imetoka kuchemka. Ikainama kidogo tu, mvuke ukasukuma, kifuniko kikaruka. Vidole visivyokunjuka haviwezi kuachia kitu haraka. Chai yote ilimwishia mkononi, kifuani na pajani kabla chupa haijafika chini.

Malalamiko yalianza kumiminika kiwandani wiki hiyo hiyo, maana hakuwa yeye peke yake. Meneja hakutoka jasho hata kidogo. "Sisi tumefuata mahitaji ya wateja," alimwambia mkurugenzi, "na yapo kwa maandishi ya mtaalamu wetu." Bi Maswali akadhani atafukuzwa, na kusema kweli angeshukuru. Badala yake walimpa kitengo. Waliona lazima apatikane mtu wa kupokea malalamiko hayo yote, tena apewe chumba chenye mlango, ili kelele zisifike kwa mkurugenzi.

Shangazi alirudi kutoka hospitali na mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Jirani naye alikuwa ameapa. "Kitu cha moto siachi tena ndani ya chumba hiki," alisema. "Akiungua tena nitamweleza nini Mungu?" Kwa hiyo alfajiri alimpa kikombe kimoja, akasimama mlangoni mpaka akimalize, na jioni kingine. Katikati ya hapo, maji.

Bi Maswali alimkuta ameketi kitandani, mgongo ukutani.

"Usinitazame hivyo," shangazi alisema. "Kosa ni langu. Nilitaka chenye kufunguka, wakanipa chenye kufunguka. Ningenyamaza na kile cha zamani."

Angeweza kuliacha hapo. Wengi wangeliacha. Lakini kumsikia anajilaumu, tena kwa sababu ya kusema anachohitaji, kulimshinda kukaa nako.

"Si kosa lako, shangazi. Hawakukusikia. Mimi niliandika kifuniko kiwe rahisi, wao wakasoma rahisi ya bei."

Shangazi alimgeukia. "Na hakuna aliyeuliza?"

"Mmoja aliuliza."

"Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukamjibuje?"

Bi Maswali alilia kabla ya kujibu, na shangazi akamwacha alie, hakumnyamazisha kama alivyomnyamazisha utotoni. Alipopata sauti alisema yote: kikao, meneja, mkurugenzi, kitengo, lile neno lake la ndiyo. Kisha akaanza kuzungumza harakaharaka, kama mtu anayefukuzwa. Sasa ana kitengo, sasa hawawezi kumpita. Atasimamia kifuniko kipya yeye mwenyewe, hatafupisha hata neno. Akatoa kalamu kwenye mkoba. "Niambie tena unavyotaka kiwe. Kila kitu. Safari hii nitaandika kama ulivyosema."

Shangazi aliitazama ile kalamu. Hakuwa na hasira usoni, na afadhali angekuwa nayo.

"Mimi sihitaji kitu, mwanangu," alisema.

"Shangazi, tafadhali."

"Hapana. Andika hivyo hivyo. Mteja hahitaji kitu." Alijivuta taratibu mpaka akalala, mkono wenye bandeji juu ya blanketi. "Ukipata nafasi ya kupita utanipa chai. Usipopata, nitasubiri jirani."