Nilitoa Kitambaa Chekundu Kwenye Msumari wa Dada Yangu

Wacha niseme mapema kabla hamjaniuliza: makosa ni yangu. Si ya shetani, si ya uchumi, si ya wakwe. Ni mimi, na akili zangu timamu, na mikono yangu hii miwili. Kisingizio nimeshakitafuta mwenyewe nikakosa.

Nina dada yangu mdogo. Nitamwita Kanana, ingawa hilo si jina lake. Tulilelewa Mitunguu, huko kwa ndizi na mifereji ya maji. Kanana alikuwa mtoto wa kusahau. Unamtuma chumvi dukani, anarudi na kipepeo mkononi. Chumvi hana, pesa hana, kiatu kimoja pia hana! Mama alimchapa, walimu wakamchapa, na kila akichapwa aliambiwa, "Si uwe kama mkubwa wako?" Mkubwa wake ni mimi. Nilizipenda hizo sifa, jamani. Nilinenepa nazo.

Tukawa watu wazima. Mimi nikafungua hoteli ya chai kule Laare, wafungaji wa miraa wakawa wateja wangu. Miraa ikakosa soko, hoteli ikafa. Na Kanana je? Kanana yuleyule wa kipepeo alikuwa na stoo ya kuivisha ndizi hapa Kinoru, na kina mama wa soko walikuwa wanapanga laini mlangoni kwake! Mume wake ni mtu wa Embu na anafanya kazi mbali, kwa hivyo mtoto na biashara vyote vilikuwa kwa kichwa cha Kanana. Akanipigia simu. "Dada, njoo tusaidiane. Wewe una kichwa kizuri." Nikaenda, lakini nilienda nikiwa nimenuna.

Kufika huko nikapata daktari alishamwambia ana ADHD. Ati ubongo wake jambo jipya likiingia, la zamani linatoka. Alarm ya simu haikumsaidia, maana anaizima akiongea na mteja na hapo hapo imesahaulika. Basi akabuni vitambaa. Kila asubuhi anajifunga vipande vya kitenge kwenye mkono wa kushoto. Cha kijani ni kukagua ndizi stoo. Cha manjano ni kumpigia mkulima. Cheupe ni dawa zake. Chekundu ni Njeru, mwanawe wa Grade One, wa kuchukuliwa shule mchana. Vile vyekundu vilikuwa viwili, kimoja kwa mama, kingine kwa mtoto. Wakikutana getini, Njeru anamfungua mama, mama anamfungua Njeru, halafu wanacheka wawili hao kama wajinga.

Roho iliniuma! Wateja walimwita Mama Vitambaa, na walimwita kwa mapenzi. Siku moja mama yetu alitoka Mitunguu kututembelea na kiondo chake, kile kikapu cha kusuka. Kwetu kiondo hakirudi kitupu, na Kanana alikijaza mpaka kikafura. Mama akaomba kabla ya kuondoka, akamwekea Kanana mkono kichwani, akasema, "Huyu ndiye amekuwa kifungua mimba wangu." Mimi kifungua mimba mwenyewe nimesimama hapo na vikombe vya chai mkononi!

Mimi sijawahi kusahau kitu maishani. Hakuna hata siku moja mtu alinipigia makofi kwa kukumbuka. Yeye akikumbuka kwenda kumchukua mtoto wake mwenyewe, watu wanashangilia! Nililala na hayo maneno, nikaamka nayo, nikanywa nayo chai.

Sasa sikieni nilichofanya. Utomvu wa ndizi ni mbaya, unanata na kuacha madoa meusi. Kwa hivyo Kanana akitaka kuosha mikono huvua vitambaa na kuvining'iniza kwenye msumari wa mlango. Ijumaa moja alipokuwa ameinama kwa karai, nilipita hapo mlangoni nikatoa kile chekundu. Nikakiweka kwa mfuko wa aproni.

Sikutaka mtoto aumie. Haki ya Mungu sikutaka. Hesabu yangu ilikuwa hivi: Kanana atasahau, mimi nitaenda shule mwenyewe, nitarudi na Njeru kwa mkono mbele ya wateja wote, na leo watajua nani ana kichwa. Kanana akajifunga vilivyobaki. Hakugundua, maana kwake kisichoonekana hakipo. Akaitwa sokoni na mteja wa ndizi zilizopondeka, akaniambia, "Dada, baki na stoo."

Hapo ndipo pikapu ya Mitunguu ilifika. Wueh! Dereva anapiga honi, ati ana mzigo mwingine. Mikungu iko kwa jua. Simu ya Kanana aliyoiacha inalia, naishika, ni mkulima, anauliza ndizi za Jumatatu. Mama mmoja anataka zilizoiva, mwingine anataka za kupika, wa tatu anataka zake alizowekewa jana na mimi sijui ziko wapi. Nikashusha, nikapanga, nikajibu, nikagombana. Mvua ikaanza, nikakimbia kufunika zilizobaki nje. Baadaye Kanana akarudi kutoka sokoni, amelowa, anaimba. Nikaingiza mkono kwa aproni nitafute kitu cha kujipangusa jasho, vidole vikagusa kile kitambaa.

Woi! Nilikuwa nimesahau. Mimi!

"Njeru!" nikapiga kelele. Kanana akaangalia mkono wake, na uso wake ukabadilika mbele yangu.

Tulikimbia. Mlinzi wa shule akatuambia mtoto alingoja sana, halafu hakujua aliponyoka saa ngapi. Tukazunguka Kinoru yote kwa mvua, tukiuliza kila mlango. Tulimpata kwa baraza ya kinyozi, meno yanagongana, kitambaa chake chekundu bado kiko mkononi. Hakulia. Alishika mkono wa mama yake, akautazama, akauliza, "Mama, chetu kiko wapi?"

"Sijui, mwanangu," Kanana akasema. "Nafikiri nilikifungua bila kujua. Ni hiki kichwa changu."

Na mimi nimesimama hapo, hicho "chetu" kiko mfukoni mwangu, nakisukuma ndani zaidi kwa vidole.

Njeru akashikwa na homa ya mapafu. Baba yake akaja, akakaa naye hospitali, na alipopona akasema mtoto ataenda Runyenjes, huko Embu, kwa nyanya yake mzaa baba. Kanana hakubisha hata neno moja. Aliniambia, "Kama naweza kusahau mtoto wangu kwa mvua, nitajitetea na nini?" Akaacha kufunga vitambaa. Akanipa funguo za stoo. "Shika wewe, dada. Kichwa chako hakikudanganyi."

Nikapata kila kitu nilichokuwa nakionea wivu. Nikakaa kwa stuli yake. Wateja walinunua, lakini hakuna aliyecheka. Na vile kazi ile ilinifanya! Kufikia wiki ya pili nilikuwa nachanganya wakulima, naacha sufuria ikiungua, naingia stoo na kusahau nilichofuata. Na mimi sikuwa hata na mtoto wa kuchukua.

Siku moja nilimkuta Kanana huko nyuma ya stoo ameshika kitambaa cha Njeru, kile cha mkononi mwa mtoto, anakikunjakunja. Moyo ulinishinda. Nikatoa kile kingine.

"Nilikitoa kwa msumari," nikasema. "Siku ile. Ni mimi."

Nilingoja kofi. Aliangalia kitambaa, akaniangalia. "Yaani sikusahau?"

"Hukusahau."

"Sikusahau," akasema tena, na akaanza kulia. "Sikusahau mtoto wangu!" Alilia mpaka akakaa chini kwa majani ya ndizi. Sijawahi kumwona binadamu akilia hivyo, na ningependa angenipiga.

Alipomaliza, alishika mkono wangu akanifunga kile chekundu, akakaza. "Utaenda Runyenjes. Utamwambia mama mkwe na Baba Njeru kwa mdomo wako mwenyewe. Kisha uniletee mtoto."

Nilienda. Mama mkwe alinisikiliza hadi mwisho, na katika ile nyumba ambapo hata mpita njia hupewa uji, mimi sikupewa maji. Baba Njeru, ambaye alikuwa bado hajarudi kazini, alitoka nje, kisha akarudi na begi la mtoto. Tulipofika Kinoru, Njeru alitazama mkono wangu, akasema, "Hiki si chako." Akanifungua, akakimbia kumfunga mama yake.

Siku hizi nina meza ya chai karibu na stendi. Funguo nilirudisha. Kanana hanitukani, na kanisani ananisalimia vizuri. Lakini nikipita kwa stoo yake kununua ndizi, kabla hajaosha mikono, anavua vitambaa vyake na kuvitia ndani ya blauzi, kifuani. Haviweki tena kwa msumari nikiwa hapo.

Ndugu zangu, wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa nguo ya dada yangu nilikuwa mimi. Ukiona mtu anashangiliwa kwa jambo unaloliona dogo, hujui amelibeba kutoka wapi. Kama ni wivu, uonee tu, moyo ni wako. Lakini mikono yako uiweke mbali na msumari wa mwenzako.