Mkanda Uliolegezwa

Mtaani walimwita Bi Mkanda, na jina likamkaa kama kofia ya kupimwa. Tangu ujana alikuwa akiendesha mashine ya kusaga mahindi ya shemeji yake, na ndani ya makelele yale, ambamo wewe msomaji ungetoka mbio umeshika kichwa, yeye alipiga soga.

Hakuna uchawi hapo. Mkanda wa mashine aliuacha umelegea kidogo, basi mashine ikawa inahema: ngurumo nene ya mota na mluzi mwembamba wa vyuma vinapanda pamoja, vinashuka pamoja. Na sikio la binadamu ni janja sana. Sauti zikipanda na kushuka kwa mwendo mmoja, hata iwe hii nene na ile nyembamba, linazifunga furushi moja na kuzisukuma kando. Sauti isiyofuata mwendo huo, kama ya mteja anayeomba unga laini, inachomoza.

Mwaka huu wateja wakaanza kufungua midomo na kufunga, yeye haambulii kitu. Akaulaumu mkanda. Akaulegeza. Akaulegeza tena, mashine ikahema kama mzee anayepanda ngazi, na wapi. Unga ukatoka chenga, wateja wakahamia kwa jirani.

Shemeji akaja, akachota unga kiganjani.

"Shemeji, siku hizi tunasaga changarawe?"

Bi Mkanda alimwona anacheka, naye akajichekesha. Shemeji akazima mashine, akarudia swali.

"Huu mkanda umekwisha," Bi Mkanda akasema. Pakiwa kimya alisikia hata nzi. "Nunua mwingine, utaona."

"Huu si ndio mpya? Tuliufunga sote wawili, shemeji."

Shemeji akawasha, mkanda umelegea vilevile, akasimama nyuma ya Bi Mkanda na kusema kwa sauti ya kawaida, "Ndoo ya nani hii inavuja?"

Mama mmoja pale mlangoni akageuka haraka kuiangalia ndoo yake. Bi Mkanda aliendelea kumimina mahindi. Alipoinua macho, wote wawili walikuwa wanamtazama, na akaelewa.

Shemeji akachukua spana, akaukaza mkanda mwenyewe. Unga ukatoka laini kama poda. Hakuna aliyemfukuza, alipewa ufagio tu.

Mama wa ndoo alipopita alimwambia kitu katikati ya ngurumo, akimgusa bega.

"Ndiyo," Bi Mkanda akaitikia, akaendelea kufagia.