Kabla ya Kulala Matanga, Nilikwenda Kuuliza Kompyuta

Mkwaruzo wa printa ya kafe ya intaneti pale Mirongo bado uko masikioni mwangu.

Jirani yetu hapa Nyakato, Mama Deo, amefiwa na mtoto wake. Ni malaria. Lakini mtaa mzima unasema mume wake ni Frimasoni, amemtoa Deo kafara apate lori la samaki. Watu walizika, ila hakuna anayelala matanga. Chakula kinabaki sufuriani.

Jana Mama Deo aliniomba nikalale naye. Nikamwambia nakuja.

Sikwenda. Leo asubuhi nikaenda kafe.

Mnanijua, lazima nisome kwanza. Nilisoma kurasa za Frimasoni wenyewe na za wanaowapinga: historia yao, aproni, ile alama ya bikari. Hakuna palipotaja mtoto wala lori. Nikachapisha, nikaenda kuwasomea akina mama waliosimama nje ya ua wa msiba.

“Haya, msomi,” mmoja akacheka. “Si wameandika wenyewe? Mchawi gani anajitangaza?”

Nikageuka. Mama Deo alikuwa mlangoni, amesikia yote.

“Shikamoo, mama.”

Hakuitikia.

“Kumbe ndiko ulikokuwa? Deo umemfundisha kusoma wewe, mwanangu. Ulihitaji kompyuta ikwambie kama tulimuua?”

Ninyi mngesema nini?

Godoro langu nimeshalipeleka sebuleni kwake. Nitalirudisha nyumbani tukishaanua matanga.